Robo ya Sauti na Mizani ya Sikio

Ndugu msomaji, ninayo kanda moja ya zamani ambayo nimeihifadhi ndani ya kisanduku cha bati, pamoja na karatasi za ijaza ya marehemu mwalimu wangu. Ilirekodiwa katika chuo chetu mwezi wa Mfungo Sita, mwaka 1986, nilipokuwa bado kijana msaidizi wa kufundisha. Ndani yake watoto wanaimba kasida ya kumsifu Mtume, rehema na amani zimshukie, na sauti ya mwalimu inatangulia mbele yao kama mwenye taa anayewaongoza wenziwe kichochoroni.

Mwaka huu watoto wa chuo hicho hicho waliimba kasida ile ile, na kijana mmoja akairekodi kwa simu yake. Nikaketi barazani na mzee mmoja rika la mwalimu wangu, tukasikiliza kanda ya zamani, kisha tukasikiliza ya simu. Mzee akanyamaza kitambo, halafu akaniambia: "Maalim, maneno ni yale yale, lakini pana kitu kimeondolewa." Nikamwuliza: "Kitu gani, mzee wangu?" Akasema: "Sijui jina lake. Lakini palipokuwa na huzuni ya kuomba, sasa pana huzuni ya kulalamika."

Maneno yale yalinikaa moyoni. Nikafanya uchunguzi, na nikakuta kwamba vijana wetu kwa miaka kadhaa wamekuwa wakifanyia mazoezi ya kasida nyumbani kwa jirani mwenye kinanda cha umeme. Nami nilijua, nikanyamaza. Hapana shaka suala la ala za muziki wanazuoni wamekhitalifiana ndani yake tangu zamani, na leo sikuketi kutoa fatwa. Ninalokiri ni kwamba nilijiuliza swali moja tu, nalo ni la uhalali, nikalisahau la pili: je, chombo hiki kinapima sawa sawa kile tunachotaka kukipima? Maana kitu kinaweza kuwa mizani nzuri ya nazi na ikawa mizani mbovu ya dhahabu.

Ili tufahamu kilichoondolewa katika kasida ile, hatuna budi kurudi nyuma karne nyingi, na kufuata habari ya watu waliojaribu kuikata sauti vipande vilivyo sawa. Ni habari ya hesabu, na pia ni habari ya adabu.

KWA NINI SAUTI IKATWE?

Chukua uzi uliokazwa, wenye urefu wa sehemu 100. Uguse, utatoa sauti. Ukiubana katikati, kwenye sehemu ya 50, utatoa sauti ile ile lakini ya juu, kama mtoto anapoimba pamoja na baba yake. Wataalamu wa Kiarabu wameiita ile ya juu jawabu, na masafa yote baina ya sauti na jawabu yake wakayaita diwani. Ndani ya diwani moja ndimo zinamotoka sauti zote za nyimbo, na kazi ya kila umma imekuwa kuamua ngazi hiyo iwe na vidato vingapi, na kila kidato kiwe na upana gani.

Mtu angedhani ni jambo jepesi. Lakini Mwenyezi Mungu ameumba hesabu ya sauti kwa namna ambayo haikubali kufungwa fundo bila ya kubaki ncha. Baada ya jawabu, sauti inayopatana na ya kwanza kuliko zote ni ile ipatikanayo kwa kuacha theluthi mbili za uzi. Ukipanda kwa kipimo hicho mara 12, unatarajia ufike kwenye jawabu ya saba. Hufiki, unapita kidogo. Hesabu yake ni hii: moja na nusu ikizidishwa kwa nafsi yake mara 12 inatoa karibu 129.75, na mbili ikizidishwa mara 7 inatoa 128. Ile ziada ndogo imewasumbua Wagiriki, Wachina, Waarabu, Waajemi na Wazungu.

Njia moja ya kuimaliza ni kuigawa ziada kwa wote: kila kidato kikatwe kidogo hata vyote 12 vilingane. Mwana wa ukoo wa kifalme wa China, Zhu Zaiyu, aliifanya hesabu hiyo na kuitangaza mwaka 1584, na baada yake kidogo Simon Stevin akaandika juu ya hesabu kama hiyo huko Uholanzi. Ngazi hiyo ya vidato 12 vilivyo sawa ndiyo iliyomo leo ndani ya kila kinanda kinachouzwa madukani. Ina faida kubwa: unaweza kuanzia wimbo pahala popote na hautaharibika. Lakini faida hiyo ilinunuliwa, na kila kinachonunuliwa kina bei yake.

VIDOLE VYA BAGHDAD

Katika zama za Harun ar-Rashid palikuwa na mpiga udi mashuhuri Baghdad aliyeitwa Mansur Zalzal. Wapiga udi wa wakati ule walikuwa na mahali pa kuweka kidole cha kati: wengine chini, wengine juu. Zalzal aliweka baina ya hapa na pale. Wataalamu wakaiita sauti hiyo wusta ya Zalzal, na jina lake likabaki katika vitabu kwa sababu ya upana wa kidole kimoja.

Abu Nasr Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliipima sauti hiyo katika kitabu chake kikubwa cha muziki. Aliikuta kwa uwiano wa 22 kwa 27. Yaani katika uzi wetu wa sehemu 100, kidole kinabana karibu na 81.48. Tuliweke pembeni tarakimu hili, tutalihitaji. Kabla yake Al-Kindi, katika karne ya 9, alikwisha kutumia herufi kuziandika sauti za udi. Na katika karne ya 13 akatokea Safiyyuddin Al-Urmawi, mtu wa Baghdad, aliyegawa diwani kwa hatua 17 zisizolingana. Yeye aliandika nyimbo kwa herufi za abjad, na chini yake akaweka tarakimu za kuonyesha urefu wa kila sauti. Aliushuhudia msiba wa mwaka 1258, Mamongoli walipouangusha mji wa Baghdad, akasalimika, akaishi mpaka mwaka 1294. Vitabu vingi viliangamia. Vyake vikaendelea kunakiliwa na kusomwa kwa karne nyingi.

Angalia hapa nukta moja. Wazee hawa walikuwa mabingwa wa hesabu, lakini hesabu yao ilikuwa mtumwa wa sikio. Walimwangalia mpigaji anaweka wapi kidole, kisha wakapima. Hawakuanza na rula wakamwambia mpigaji aifuate.

TABIBU WA DAMASCUS

Sasa twende mbele mpaka karne ya 19, nchi ya Sham. Huko alikuwako Mikhail Mishaqa, Mkristo mzaliwa wa Lebanon mwaka 1800, ambaye baadaye alikuwa tabibu katika mji wa Damascus. Alisoma elimu ya sauti kwa mwanachuoni Mwislamu, Sheikh Muhammad Al-Attar, na hakuficha kwamba huyo ndiye mwalimu wake. Mishaqa akaandika risala kwa jina la Amiri Bashir Shihab, ikaitwa Ar-Risala ash-Shihabiyya, na katika miaka ya 1840 mmishonari wa Kimarekani aliyekaa Beirut, Eli Smith, akaifasiri kwa Kiingereza.

Ndani ya risala hiyo diwani imegawanywa robo 24 zilizo sawa. Fikra ya robo 24 ilikuwa imeanza kutajwa tangu karne ya 18, lakini risala ya Mishaqa ndiyo iliyoieneza. Mpango wenyewe ni mzuri na mwepesi kuhifadhi. Sauti kubwa ni saba: Rasti, Duka, Sika, Jaharka, Nawa, Huseini na Auji, kisha inakuja Kirdani, ambayo ni jawabu ya Rasti. Baina ya Rasti na Duka pana robo 4. Duka na Sika robo 3. Sika na Jaharka robo 3. Jaharka na Nawa 4. Nawa na Huseini 4. Huseini na Auji 3. Auji na Kirdani 3. Jumlisha, utapata 24.

Msomaji atasema: basi tugawe nusu ya uzi kwa vipande 24 vilivyo sawa, kazi imekwisha. La, hapo ndipo wengi walipoteleza. Katika uzi wa sehemu 100, ukigawa hivyo kila kipande kitakuwa na upana wa 2.08, na sauti zitakazotoka hazitalingana hata kidogo: za mwanzo zitakuwa finyu, za mwisho zitakuwa pana. Sikio halihesabu kwa kutoa, linahesabu kwa uwiano. Ili robo zilingane sikioni, ya kwanza lazima ichukue sehemu 2.85 za uzi, na ya mwisho ichukue 1.47 tu. Mishaqa aliufahamu ugumu huu, akautafutia njia ya kihandasa.

Kuna usawa wa rula na kuna usawa wa haki, na hivi viwili havifanani. Baba akimpa mtoto wa miaka mitatu na kijana wa miaka ishirini sahani mbili zilizojaa sawa sawa, amegawa sawa kwa jicho na amedhulumu kwa tumbo.

Na kwa kuwa nimemtaja Mishaqa, sitaki nipite bila ya kutaja jambo lake jingine. Mwaka 1860, fitina ilipowaka Damascus na Wakristo wakauawa kwa maelfu, naye alishambuliwa na kujeruhiwa. Aliyemwokoa ni Amiri Abdulqadir wa Algeria, mujahidi aliyepigana na Wafaransa, ambaye wakati huo alikuwa akiishi Damascus. Amiri na watu wake waliwahifadhi maelfu ya Wakristo. Mkristo akasoma kwa sheikh, na Mwislamu akamhifadhi Mkristo: nayo ni ngazi iliyopangwa vizuri.

BARAZA LA CAIRO, 1932

Mpango wa robo 24 ulipofika karne ya 20 ulikuta dunia imebadilika. Piano na santuri zilikuwa zimeingia Misri, na shule zilitaka vitabu vyenye nota za kuandikwa. Ndipo chini ya Mfalme Fuad ukaitishwa mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu mjini Cairo, Machi na Aprili mwaka 1932. Mmoja wa waasisi wake alikuwa Baron Rodolphe d'Erlanger, aliyeishi Tunisia na kuutumikia muziki wa Kiarabu. Maradhi yalimzuia, na akafa mwaka huo huo. Walikuja wanamuziki kutoka Misri, Sham, Iraki, Tunisia, Algeria, Moroko na Uturuki. Kutoka Ulaya walikuja wataalamu kama Béla Bartók, Paul Hindemith, Curt Sachs na Erich von Hornbostel. Kazi ikagawanywa kwa kamati saba, na moja yao ilikuwa kamati ya ngazi ya sauti.

Humo ndimo ulimotokea mvutano. Wamisri wengi walitaka diwani itangazwe rasmi kuwa ni robo 24 zilizo sawa kabisa. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Walisema: tukiwa na ngazi moja tutaandika nyimbo zetu, tutafundisha watoto wetu shuleni, tutatengeneza piano zetu wenyewe, na Mmisri na Mshami watasoma karatasi moja. Umma uliokuwa chini ya wakoloni ulitaka kusimama mbele ya dunia na kusema: nasi tuna nidhamu.

Waliopinga nao walikuwa na hoja. Rauf Yekta Bey wa Uturuki, mtu aliyetumia umri wake katika elimu hii, alikataa katakata. Sauti zikapimwa kwa vyombo, na vipimo vya wanamuziki havikuafikiana vyote na ngazi ya robo sawa. Mgogoro ulikuwa hasa juu ya ile sauti ya tatu, Sika. Sika ya Mturuki iko juu; ya Mshami iko chini yake; ya Mmisri ni ya chini zaidi. Na hata kwa mtu mmoja, Sika ya maqamu ya Rasti haiwi mahali pamoja na Sika ya maqamu ya Bayati.

Sasa tulete lile tarakimu tuliloliweka pembeni. Wusta ya Zalzal kama alivyoipima Al-Farabi ni 81.48. Sika ya robo 7 zilizo sawa ni 81.70. Na Sika ya Waturuki, kwa hesabu nitakayoieleza chini, ni karibu 80.07. Kutoka 80 mpaka 82 ni upana wa unyasi juu ya uzi, na ndani ya upana huo wanakaa watu wa miji mitatu, kila mmoja na kilio chake. Rula ya robo sawa inaweka alama moja hapo, na kuwaambia wote: simameni hapa.

Mkutano ulikwisha bila ya kuafikiana juu ya ngazi hiyo. Piano zenye robo za sauti zilionyeshwa, zikasifiwa na wengine na kukataliwa na wengine. Curt Sachs na Hornbostel, Wazungu kutoka Berlin, walikuwa miongoni mwa waliohadharisha dhidi ya kuutia muziki wa Kiarabu ndani ya piano. Naam, mgeni alimwambia mwenyeji: usiitupe nguo yako kwa kuiona yangu.

Jambo moja kubwa lilibaki. Mkutano uliwarekodi wanamuziki katika sahani za santuri, akiwamo Muhammad Al-Qubbanji wa Iraki na wenzake, na sahani hizo zipo mpaka leo. Waliotaka kuandika waligombana. Waliosikiliza na kurekodi wakatuachia amana.

WALIOTOKA NJE YA KUMI NA MBILI

Mmoja wa wageni wa Cairo alikuwa Alois Hába kutoka Prague. Yeye alikuja na piano ya robo za sauti, kwani alikuwa akitunga muziki wa namna hiyo kwao, na mchezo wake wa kuimbwa uitwao Matka, uliotungwa wote kwa robo za sauti, ulionyeshwa Munich mwaka 1931. Huko Mexico, Julián Carrillo alikata vipande vidogo zaidi, mpaka 96 katika diwani moja, akaona alama za zamani hazitoshi, akaandika nyimbo kwa tarakimu. Na huko Uholanzi, mwanafizikia Adriaan Fokker alifufua fikra ya Christiaan Huygens ya mwaka 1691, ya kugawa diwani kwa vipande 31 vilivyo sawa. Kinanda chake kikubwa cha vipande 31 kilikamilika mwaka 1950.

Kwa nini 31, na kwa nini si 30? Hapa kuna hesabu nzuri ambayo hata mtoto wa chuo ataifahamu. Ngazi ya kawaida ina vidato vikubwa 5 na vidogo 2. Kidato kikubwa kikiwa na vipande 2 na kidogo 1, jumla ni 12, nayo ni piano. Kikubwa kikiwa 4 na kidogo 2, jumla ni 24, nazo ni robo. Kikubwa kikiwa 5 na kidogo 3, jumla ni 31, nacho ni kinanda cha Fokker. Na kikubwa kikiwa 9 na kidogo 4, jumla ni 53, nayo ni hesabu ya Waturuki. Wachina walitambua nguvu ya 53 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, amani imshukie, kwani mtaalamu wao Jing Fang aliona kwamba ukipanda kwa theluthi mbili za uzi mara 53, unakaribia mno kurudi ulipoanzia.

Waturuki wanakiita kila kipande cha 53 koma. Sika yao inakaa penye koma ya 17, na kutoka hapo ndipo nilipopata ile 80.07. Hata hivyo hawatumii zote 53. Wanachagua sauti zao 24 zisizolingana kutoka humo, na kuziandika kwa alama mbalimbali zinazoonyesha kupanda au kushuka koma moja, nne, tano au nane. Waarabu nao, ingawa Cairo haikuafikiana, waliendelea kuandika kwa robo: alama ya kushusha sauti wakaipitisha mstari ili ishushe robo moja badala ya mbili. Vitabu vya shule za muziki vinaandikwa hivyo mpaka leo.

Lakini mwulize mpigaji hodari wa udi, atakwambia: karatasi inanionyesha mtaa, haifungui mlango. Akiona alama ya robo anajua "hapa pana Sika". Sika ipi, juu au chini kiasi gani, hiyo aliipata kwa mwalimu wake. Na hili, ndugu msomaji, sisi watu wa vyuo ndio tunaopaswa kulielewa kuliko watu wote. Sisi tunao Msahafu ulioandikwa kwa uangalifu mkubwa, wenye alama za madda, za idghamu na za kusimama. Je, yupo aliyepata kisomo kwa kutazama alama peke yake? Alama inamkumbusha aliyekwisha kusikia. Asiyesikia kwa mwalimu, alama inamwachia njiani. Ndiyo maana wazee wetu walishika talaqqi, mdomo kwa sikio, karne baada ya karne, na hali kitabu kimo mikononi mwao.

HABARI YA KWETU

Pwani yetu haikuwa mbali na habari hizi. Imepokewa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1870 mpaka 1888, alimpeleka kijana Mohamed Ibrahim Misri akajifunze muziki na kupiga ganuni, akarudi na kufundisha wengine. Mwaka 1905 ikaanzishwa jumuiya ya Ikhwani Safaa. Ganuni ilipofika Unguja haikufika peke yake: ilikuja na maqamu, na ndani ya maqamu mlikuwa na Sika. Katika ganuni vimo vijichuma vidogo chini ya nyuzi, vya kupandisha na kushusha sauti kidogo kidogo. Mpigaji anaweza kuitafuta sauti mpaka aipate.

Kinanda cha kawaida hakitafuti. Kimekatiwa 12, na 12 ndizo atakazokupa. Kasida yetu ilikuwa katika Bayati, ambayo huanzia Duka na kupanda Sika kwa robo 3. Kinanda hakina robo 3. Kina 2 au 4. Basi mpigaji wa jirani akachagua 2, na kwa kufanya hivyo akaitoa kasida katika Bayati na kuitia katika Kurdi, bila ya yeye kujua, wala watoto kujua, wala mwalimu wao, ambaye ni mimi. Hicho ndicho kitu alichokisikia yule mzee akakosa jina lake. Robo moja tu! Ukiipima kwenye uzi wetu haifiki sehemu tatu katika mia. Lakini ndani yake ndimo ilimokuwa imekaa ile huzuni ya kuomba.

Wala usidhani kosa ni la kinanda. Leo vipo vinanda vya umeme vyenye vitufe vya kushusha sauti unayotaka kwa robo, au kwa kiasi chochote; na hata cha jirani, nilipoagiza kitazamwe, kilikutwa na uwezo huo ndani yake, na hakuna aliyewahi kuutumia. Chombo kilikuwa tayari kutii. Hakuwapo wa kukiamrisha, kwa sababu sikio la kuamrisha halikuwa limefundishwa.

FUNZO

Nikajipa hukumu mwenyewe kabla ya kuwahukumu vijana. Sikuwafukuza, wala sikuwagombeza, kwani hawakuharibu kitu walichokabidhiwa, hawakukabidhiwa. Niliwakusanya baada ya sala ya Alasiri, nikawasikilizisha kanda ya mwaka 1986 mara tatu, bila ya kusema neno. Mara ya tatu binti mmoja wa miaka kumi akaniuliza: "Maalim, mbona hapa mwanzo sauti yao inakwenda baina?" Nikamshukuru Mungu. Neno lake "baina" ndilo alilolifanya Zalzal kwa kidole, na Al-Farabi akalitafutia tarakimu.

Tangu siku ile tumeweka utaratibu. Kasida inafundishwa kwa mdomo kwanza, bila ya chombo, mpaka watoto wakitikiswa usingizini waitoe sawa. Anayetaka kujifunza nota na ajifunze, kwani elimu haina adui ila ujinga. Lakini karatasi itafuata sauti, sauti haitafuata karatasi.

Ndugu msomaji, nimeandika habari ya sauti, lakini usiishie hapo. Zama zetu zinapenda sana kukata mambo vipande vilivyo sawa: mtoto kwa alama za mtihani, mwalimu kwa saa za kazi, ibada kwa hesabu ya dakika. Vipande hivyo vina faida, na mtu asiyekuwa na kipimo atadanganywa sokoni. Tumeamrishwa tusimamishe mizani kwa uadilifu. Lakini tumwonee huruma anayedhani kwamba kisichoingia katika rula yake hakipo. Baina ya kidato na kidato mna watu, mna miji, mna walimu waliokufa na sauti zao zikabaki kwetu kama amana. Ukiipoteza amana kwa kuiuza, utajua umeuza. Ukiipoteza kwa kuisawazisha, hutajua mpaka mzee mmoja akae nawe barazani akwambie: pana kitu kimeondolewa.

Nawe unaye mzee huyo mtaani kwako. Nenda kwake wiki hii, kabla hajatangulia, ukamsikilize. Mwenyezi Mungu atujaalie masikio yenye kusikia, na atusamehe tulivyonyamaza pahala pa kusema. Wallahu aalam.